Je, Wajua? Michirizi ya Mtoto Ina Mpangilio

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hachori kwa vidole. Hukamata krayoni kwa ngumi na kuusukuma mkono mzima kuanzia begani, ndiyo maana karatasi ndogo humshinda. Mtandikie sakafuni karatasi pana, hata ya mfuko wa unga uliopasuliwa, uibandike pembe zake isiteleze, na umpe krayoni nene.

Mwalimu Mmarekani Rhoda Kellogg alikusanya michoro ya watoto wadogo ipatayo milioni moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alibainisha michirizi 20 ya msingi: nukta, mistari, mizunguko na mingineyo. Basi usimhimize mtoto wa miaka miwili achore nyumba au ng'ombe. Anafurahia alama inayotoka mkononi mwake, na furaha hiyo inatosha kabisa.

Rangi nyingine ipo jikoni. Koroga bizari ya manjano kwenye maji, apake kwa vidole, ikauke. Kisha wewe mwenyewe pitisha juu yake maji ya sabuni ya mche: njano hugeuka nyekundu, kwa kuwa bizari hiyo hubadilika ikigusana na kitu chenye magadi. Mvishe nguo kuukuu. Doa lake halitoki upesi.