Matundu 16 Chini ya Dashibodi

Chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva, kuna soketi yenye matundu 16 katika safu mbili. Marekani iliilazimisha kwa magari ya toleo la 1996 na kuendelea. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa yale ya petroli. Shabaha ilikuwa moshi: gari lijichunguze, na likianza kuchafua hewa liwashe taa ya injini na kuhifadhi msimbo wa hitilafu. Msimbo P0301, kwa mfano, unaeleza kwamba silinda namba 1 inakosa moto. Kama ni plagi, koili au nozeli, hilo atalitafuta fundi.

Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. La 4 ni athi ya bodi, la 5 athi ya mawasiliano. Mashine ya kupimia inayochomekwa hapa isipowaka, pima kwanza kati ya 16 na 4. Pasipo na volti 12 hivi, kagua fyuzi, ambayo katika magari mengi ndiyo ileile ya soketi ya kuwashia sigara. Inauma kuona mteja akiuziwa kompyuta nyingine ya injini kwa sababu ya fyuzi.

Mashine ikiwaka lakini gari halijibu, nenda 6 na 14. Hapa hupita CAN, mfumo wa mawasiliano ambao Bosch iliutangaza mwaka 1986: waya mbili zilizosokotwa, zikitulia kila moja ina volti 2.5 hivi. Ujumbe unapopita, 6 hupanda hadi 3.5 na 14 hushuka hadi 1.5. Kinachosomwa ni tofauti kati yao. Vurugu za umeme kutoka kwenye koili huzipiga waya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo tofauti ile haiguswi. Ni ubunifu wa kupendeza mno! Kila ncha ya njia hiyo ina kizuizi cha omu 120; ondoa betri, pima 6 na 14, upate 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, waya zimegusana.

Magari ya kabla ya CAN kufika kwenye soketi hii hutumia 7, wakati mwingine pamoja na 15. Mengi ya Kimarekani, 2, wakati mwingine pamoja na 10.

Matundu mengine ni ya mtengenezaji. Ndiyo maana gari lililoundwa kwa soko la ndani la Japani laweza kuwa na soketi hii na bado likaikatalia mashine ya bei nafuu. Katika Toyota nyingi za zamani, fundi huunganisha 4 na 13 kwa kipande cha waya, akafungua swichi, na taa ya injini ikapepesa namba ya msimbo. Ahesabu matundu kwa makini: akigusa 16 badala ya 13, fyuzi inaungua.