Mchujo wa vyama: mbunge wako huchaguliwa kabla ya Agosti

Kila siku naona mtu ameandika hapa, "Mimi nangoja Agosti, hayo ya mchujo ni ya wenye chama." Sawa, lakini kama unaishi kwenye ngome ya chama fulani, ukingoja Agosti utakuwa umechelewa. Kwenye ngome, anayebeba tiketi mara nyingi huwa tayari ni mheshimiwa. Watu wanapiga kura ya suti, basi.

Tiketi inapatikana vipi? Sheria ya Vyama vya Kisiasa, ilivyorekebishwa 2022, inataja njia mbili. Ama wanachama wapige kura wenyewe, ama wachague wajumbe, halafu wajumbe ndio wachague mgombea. Kisha kuna ile mnaisikia kwenye mikutano, "tiketi ya moja kwa moja": wengine wameombwa wajiondoe, tunaambiwa kumekuwa na "maelewano", cheti kimetolewa.

Hii ya wajumbe ndiyo hunisumbua. Chama kitakwambia kura ya wanachama wote ni gharama: karatasi, masanduku, makarani, usalama. Ni kweli. Lakini piga hesabu. Kuhonga wodi nzima ni kazi kubwa, ilhali wajumbe 50 wanatosha kwenye ukumbi mmoja wa hoteli. Na hao wajumbe walichaguliwa na nani, lini? Uliza mtaani kwenu uone watu wakitazamana.

Aliyeonewa anaweza kulalamika ndani ya chama, kisha aende kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Au awe mgombea huru, ila hapo kuna mtego. Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hivyo awe ametoka mapema Mei. Chama kikikalia cheti hadi hapo, hana pa kwenda.

Na wewe je? Mnakumbuka 2021, Wakenya wengi walipojikuta wamesajiliwa kwenye vyama bila kuulizwa? Ingia eCitizen, upande wa Msajili wa Vyama, uangalie jina lako liko wapi. Kama si chama chako, jiondoe sasa, si wiki ya mchujo.

Uzi ujao: wabunge wa kuteuliwa, na nani hupanga ile orodha.