Mizani ya Shule ya Msingi

Mkulima wa pamba wa Maswa hadanganyiki upesi mbele ya mizani. Tangu udogoni mwake amekaa uani na wazee wake akichambua, pamba safi upande huu na pamba fifi upande ule, na anajua fika kwamba mzigo uliotiwa maji au mchanga, hata ukionyesha kilo nyingi namna gani, ni mzigo wa hila, kwa kuwa uzito wake si wa pamba. Lakini mkulima huyo huyo, mwisho wa mwaka wa masomo, anapoitwa katika mkutano wa wazazi kusomewa maendeleo ya taaluma, aghalabu huuacha ujuzi huo mlangoni, akarejea nyumbani na neno moja tu: shule yetu imekuwa ya ngapi.

Maswa ni mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 na kuwa na makao yake Bariadi, na wenyeji wake wengi ni Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe. Hamu ya elimu katika nchi hiyo ni dhahiri: vijana wa Maswa walianzisha kiwanda cha chaki, na mkoa umepata kuwakusanya watahiniwa katika makambi ya kitaaluma ili walimu hodari wa kila somo wawanoe kwa pamoja. Jitihada hizo zinastahili sifa. Lakini sifa isiyopimwa haidumu, kwa hiyo yafaa tukitazame kipimo chenyewe.

Mtihani wa darasa la saba una masomo 6, kila somo alama 50, jumla alama 300. Mwenye alama 241 na zaidi hupata daraja A. Kuanzia 181 hadi 240 ni B. Kuanzia 121 hadi 180 ni C. Na walio chini ya hapo hupata D au E. Wenye A, B na C ndio huhesabiwa kuwa wamefaulu. Basi mtoto wa alama 119 na mtoto wa alama 122, ambao maarifa yao yanakaribia kuwa sawa, hutengwa na ukuta mmoja mwembamba, huyu akaitwa aliyefaulu na yule akaitwa aliyeshindwa. Tuseme shule ina watahiniwa 40, mwaka jana wakafaulu 20 na mwaka huu 24: ufaulu umepanda kutoka asilimia 50 hadi 60, na mkutano unashangilia, ilhali tofauti yenyewe ni watoto wanne, tena si watoto wale wale wa mwaka uliopita. Insafu ni kuwafuata watoto hao hao, kuyaweka matokeo yao ya upimaji wa darasa la nne kando ya matokeo yao ya darasa la saba, na kuuliza miaka mitatu iliyopita baina ya hayo mawili imewafikisha wapi.

Na maji na mchanga katika mzigo ni nini? Ni wale wasiohesabiwa. Fungua daftari la mahudhurio, ufuate kwa kidole mstari wa jina moja: alama za kuhudhuria zinafuatana kama shanga katika uzi, kisha msimu wa kuchuma pamba unapofika, uzi unakatika majuma mazima, kwa kuwa mtoto yuko shambani au nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliokaa kwenye mtihani miaka saba baadaye ni wangapi? Asilimia ya ufaulu haimjui mtoto aliyepotea njiani, na shule iliyompoteza yaweza kuonekana bora kuliko ile iliyohangaika kumrudisha.

Kuna jambo jingine la ndani zaidi. Watoto wengi wa vijijini huingia darasa la kwanza wakiamkiana "mwangaluka", wamejaa Kisukuma chao kitamu, na papo hapo hutakiwa kusoma na kuandika kwa Kiswahili, lugha ambayo ndiyo kwanza wanaizoea masikioni. Kwa sababu hiyo mzizi wa matokeo ya darasa la saba uko katika darasa la kwanza na la pili, katika zile K tatu, kusoma, kuandika na kuhesabu. Na shule inayomweka mwalimu wake hodari darasa la saba, ikayaacha madarasa ya chini yafurike watoto kupita kiwango cha 45 kwa mwalimu mmoja, inapalilia shuke na kuusahau mzizi.

Tena kuna suala la tumbo la mtoto: Serikali, tangu mwaka 2016, imeondoa ada na michango ya lazima, na ruzuku imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, fedha ambazo hazitoshi kumnywesha uji kila siku. Kwa hiyo uji huo, yaani debe la mahindi litokalo kwa hiari ghalani mwa mzazi, nao ni sehemu ya taaluma, maana mwenye njaa hasikii hesabu.

Mapema mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na watahiniwa walioongoza. Ni uamuzi wa hekima, nasi tuufuate hadi vijijini. Ewe mzazi, utakapoitwa tena mkutanoni, usiulize shule imekuwa ya ngapi. Uliza watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma bila kusaidiwa, wangapi waliacha shule mwaka huu na nani amekwenda kuwatafuta, na mwanao alihudhuria siku ngapi; kisha jibu la swali hili la mwisho ulibebe wewe mwenyewe, kwa sababu hilo liko mikononi mwako kuliko mwa mwalimu.