ELIMU KWA WENYE MAGARI: ALTANETA INAYOCHAJI KWA VIPINDI

Watumishi wenye dhamana ya magari, pamoja na wananchi wanaomiliki pikapu za zamani katika Kilwa na mwambao wa Lindi, wanaelezwa hapa namna ya kutambua kasoro ya altaneta inayochaji leo na kesho isichaji. Kasoro hii huwaingiza watu katika gharama za bure: hununuliwa betri, kisha altaneta, na ubovu ukabaki pale pale. Aidha, ina hatari. Injini ya dizeli ya zamani huendelea kufanya kazi bila chaji. Dereva anayempeleka mgonjwa usiku kutoka Somanga hadi Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, huja kutambua taa zinapofifia njiani. Naye akizima injini, haiwaki tena.

Katika mwambao, kwanza ishukiwe kutu. Hewa ya chumvi na maji yanayodondoka kwenye shehena za samaki hula vichwa vya betri na ncha za nyaya. Uchunguzi ufuate utaratibu huu:

1. Taa ya chaji. Swichi ikiwashwa kabla ya injini, taa nyekundu ya betri sharti iwake. Injini ikishawaka, izimike. Taa isiyowaka kabisa si dalili ya uzima. Katika magari mengi ya zamani, umeme wa kuamsha altaneta hupitia katika globu hiyo.

2. Mkanda. Injini ikiwa imezimwa, mkanda ubonyezwe katikati kwa kidole gumba. Ukizama zaidi ya takriban sentimita moja, umelegea. Mkanda uliolowa oili huteleza, hasa taa zikiwashwa. Katika baadhi ya pikapu za dizeli, pampu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Hivyo mkanda ukikatika, breki nazo huwa nzito.

3. Volti. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.4. Kipimo kirudiwe baada ya safari, injini ikiwa ya moto na taa zikiwaka, kwani kasoro ya vipindi hujificha gari likiwa baridi.

4. Viungo. Injini ikizunguka kwa kasi na taa zikiwaka, ncha moja ya mita iwekwe kwenye skrubu kubwa ya altaneta na ya pili kwenye kichwa chanya cha betri. Ikizidi nusu volti, waya una kutu au umelegea. Kati ya bodi ya altaneta na kichwa hasi, isizidi volti 0.2.

5. Kaboni. Viungo vikiwa safi na chaji bado inakatika, altaneta igongwe taratibu kwa mpini wa mbao, mbali na mkanda. Chaji ikirudi, yaelekea kaboni zimeisha au zimekwama. Hizo aghalabu hubadilishwa peke yake, bila kununua altaneta nyingine.

Madereva wanakatazwa kuchomoa betri injini ikiwaka ili kujaribu chaji. Volti hupanda ghafla na kuunguza daiodi, na kasoro ya waya mmoja ikawa ya altaneta nzima.

Inasisitizwa kuwa kipuri kisinunuliwe kabla ya hatua hizi kukamilika na vipimo vyake kuandikwa katika daftari la gari.