Uzembe si uvivu: neno linaloweza kukugharimu mzigo

Ukiketi Biryogo jioni ukasikiliza tu, utasikia Kiswahili cha Bukoba, cha Nairobi, cha Bukavu na cha Kampala vikikutana kwenye meza moja ya chai. Kila aliyerudi nyumbani alirudi na lugha ya pale alipokulia. Kwa kawaida watu wanaelewana vizuri tu. Lakini yapo maneno ambayo kila mmoja hudhani mwenzake anayaelewa kama yeye, kumbe sivyo, na ubishi huanza pale panapokuwa na fedha katikati. Mojawapo ni uzembe.

Aliyesoma Kenya atakwambia bila kusita kwamba mzembe ni mvivu. Ndivyo alivyozoea kusikia kwa mwalimu wake: mwanafunzi mzembe ni yule asiyependa kazi. Aliyekulia Tanzania atatikisa kichwa. Kwake yeye uzembe ni kosa la mtu aliyekuwa na jambo la kuangalia, asiliangalie. Polisi wa huko husema dereva ameshitakiwa kwa kuendesha gari kwa uzembe, na mtangazaji wa mpira hulia kwamba bao limeingia kwa uzembe wa mabeki. Beki huyo amekimbia dakika zote 90 na jezi imelowa jasho, mvivu huyo? Kamusi nazo hazimalizi ubishi, kwa sababu huweka uvivu, ulegevu na kutojali katika kapu moja.

Sisi wa Rwanda tuna bahati katika hili, maana Kinyarwanda kimeyatenganisha mambo hayo mawili. Uvivu ni ubunebwe. Yule ambaye macho yako huku na akili iko kule, hadi kitu kikaharibika mikononi mwake, tatizo lake ni uburangare. Kwa hiyo msomaji, unapokutana na neno uzembe katika karatasi iliyotoka Tanzania, usikimbilie ubunebwe. Soma uburangare, utakuwa karibu zaidi na alichokusudia mwandishi.

Tuseme mfanyabiashara wa Kigali amenunua mchele Kahama na kukodi lori la kuuleta kupitia Rusumo. Kwenye mkataba imeandikwa kwamba mwenye gari atalipa hasara itakayotokana na uzembe wa dereva au utingo wake. Njiani turubai linalegea, mvua inanyesha, magunia 40 yanafika yamelowa. Mwenye mzigo anasema huu ni uzembe. Dereva anawaka: “Mimi mzembe? Nimeendesha usiku kucha sijafumba jicho!” Na anasema kweli. Ila amejibu shitaka ambalo hakushitakiwa. Hakuna aliyesema hakufanya kazi. Swali ni kama kulikagua turubai lilikuwa jukumu lake, na kama alilikagua.

Hapo ndipo dereva hukimbilia usemi ambao kila msafiri wa barabara hizi anaujua, kwamba ajali haina kinga. Usemi huo una mahali pake, lakini umetumika sana kufunika makosa. Kwa maoni yangu, ndio mpinzani halisi wa neno uzembe kuliko neno lolote la kusifu bidii. Anayesema “ajali” anamaanisha kwamba hakuna mwenye kosa. Anayesema “uzembe” anamaanisha kwamba yupo, na atafutwe.

Waliokuwa Kagera mwaka 1996 hawahitaji kuelezwa zaidi. Tarehe 21 Mei mwaka huo meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba, ilizama ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakapoteza maisha. Meli ilikuwa imejengwa kubeba abiria 430. Ukitazama, waliokata tiketi walifanya kazi, waliopakia mizigo walifanya kazi, na waliokuwa usukani walifanya kazi. Uvivu haukuizamisha. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu na kusema basi, imetosha. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa hilo hilo, kikiwa na abiria wengi kuliko uwezo wake, na zaidi ya watu 220 wakafa. Rais John Magufuli alipolihutubia taifa kuhusu msiba huo alitaja uzembe. Hakuna aliyedhani anazungumzia uvivu.

Neno hili lina ndugu zake, na uzito wao haulingani. Wakenya, wakitaka kusema kile ambacho Mtanzania anakiita uzembe, mara nyingi hutumia utepetevu. Asili yake ni tepeta, yaani kuwa laini na kulowa kama kitu kisichoweza kusimama chenyewe. Ulegevu ni jirani yake, umetoka kwenye kulegea, na mara nyingi huelekezwa kwa wakubwa: ulegevu wa usimamizi, ulegevu wa sheria. Purukushani ni la waliobobea. Mtu wa purukushani unamweleza jambo, anaitikia “ndiyo, ndiyo”, na hakuna alichosikia. Kazi yenyewe ikifanywa bila mpango, utasikia imefanywa ovyo, hobelahobela au shaghalabaghala, na vijana wa Dar es Salaam watasema fundi ameilipua. Nalipenda hilo la mwisho, maana unauona kabisa moshi ukipanda. Goma na Bukavu mambo ni mafupi: mara nyingi wenzetu huchukua neno la Kifaransa, négligence, wakalitia katikati ya Kiswahili chao na safari ikaendelea.

Kuna maneno mawili yanayopaswa kuwekwa mbali na uzembe, moja huku na jingine kule. Kupuuza ni kuzito zaidi. Aliyepuuza alijua, pengine alionywa, akaamua kuacha. Dereva aliyeambiwa pale kituo cha mafuta kwamba turubai limefunguka, akaondoka hivyo hivyo, huyo amepuuza, na mwenye mzigo ana haki ya kutumia neno hilo. Upande wa pili kuna kughafilika, au kwa lugha ya kila siku, kupitiwa. Hapo kosa limetokea, lakini msemaji anamwachia mwenzake heshima yake. Kila binadamu hupitiwa.

Mwezi Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, kwa hiyo karatasi za Kiswahili zina uzito hapa kwetu pia. Anayeandikiana mkataba na mtu wa ng'ambo ya mpaka asiliache neno uzembe peke yake likining'inia. Ni afadhali kuandika mambo yenyewe: nani anafunga turubai, nani analikagua na wapi, nani anahesabu magunia kabla ya Rusumo na baada yake. Kisha uzembe uelezwe kuwa ni kutofanya mojawapo ya hayo. Sentensi mbili tatu zinatosha, na Mkenya, Mtanzania na Mnyarwanda watasoma kitu kimoja.

Kwa mdomo, hali ni nyingine. Tangu kituo cha pamoja cha Rusumo kilipozinduliwa Aprili 2016, maofisa wa nchi mbili wamekuwa wakikaa sehemu moja, na foleni ina watu wa umri na vyeo mbalimbali. Ukiona tarakimu ya uzito imeandikwa vibaya kwenye hati yako, ukamwambia aliyeiandika kuwa huo ni uzembe, umemtukana mbele ya watu, na kama kwao mzembe ni mvivu, umemtukana mara mbili. Utasimama hapo hadi jua lizame. Wazoefu husema, “Samahani mzee, nadhani hapa tumepitiwa.” Angalia hiyo “tu”. Aliyeandika ni yeye, lakini mmepitiwa wote wawili, na kalamu inachukuliwa papo hapo.