Dawa ya kidonda na maji ya kijani

Mimina haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayouzwa katika chupa ya kahawia, kwenye mkwaruzo unaotoka damu. Papo hapo hufura povu jeupe. Povu hilo ni oksijeni: kimeng'enya cha damu kiitwacho katalesi kinaivunja dawa iwe maji na oksijeni kabla haijaunguza seli nyingi.

Sainobakteria nao huikabili kemikali hiyohiyo. Ndio viumbe wadogo wanaoyafanya maji ya Ghuba la Winam, upande wa Kisumu, yaonekane kama yamemwagiwa rangi ya kijani. Wanaishi kwa usanisinuru: wananasa mwanga, wanapasua molekuli za maji, wanachukua elektroni na kuachia oksijeni. Jua likizidi, nishati ya ziada huiangukia oksijeni hiyo na kuigeuza kuwa kemikali kali, peroksaidi ikiwemo.

Ukali huo unaharibu nini hasa? Mtu angedhani ni mtambo wenyewe wa kunasa mwanga. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Japani, wakiwemo Yoshitaka Nishiyama na Norio Murata, walionyesha kwamba pigo kubwa liko kwa fundi anayeukarabati. Ndani ya mtambo mna protini iitwayo D1, ambayo mwanga huiharibu kila siku, na kila siku seli huing'oa na kuweka mpya. Peroksaidi inazuia protini mpya zisiundwe. Jua linaendelea kubomoa, wala hakuna anayejenga, na usanisinuru unafifia hadi kuzimika.

Udhaifu huu umeshatumiwa ziwani. Mwaka 2009 huko Uholanzi, ziwa dogo la Koetshuis lilitiwa peroksaidi, miligramu 2 tu kwa kila lita. Baada ya siku chache sainobakteria walikuwa wamepungua kwa asilimia 99, na hawakufurika tena kwa wiki 7. Mwani wa kawaida na wadudu wa majini hawakudhurika sana. Sababu ni kwamba sainobakteria kwa kawaida huigeuza oksijeni ya ziada moja kwa moja kuwa maji, peroksaidi wanayoitengeneza ni kidogo, na kinga yao dhidi yake ni nyembamba.

Je, tuitie Winam peroksaidi? Sioni hivyo. Ghuba lina zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na mbolea na majitaka yanayowalisha viumbe hawa yangeendelea kuingia. Tena wengi wao hubeba ndani ya seli sumu ya ini, maikrosistini. Seli ikipasuka, sumu humwagika majini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 1 ya sumu hii kwa lita.

Na kuchemsha hakuiondoi. Moto unaoua vijidudu vya kipindupindu huzipasua seli hizi na kuiacha sumu sufuriani. Maji yakiwa na utando wa kijani, teka kwingine, na ng'ombe pia wasiyanywe.