Makali Yanapoishia

Katika soko la Kilombero, Arusha, akina mama wanaouza sukuma wiki na chainizi hukata mboga zikiwa mkononi. Majani hukunjwa na kubanwa kwa mkono wa kushoto mpaka yawe fundo gumu, kisha kisu hupita mbele ya vidole na nyuzi nyembamba za kijani hudondoka kwenye beseni. Hakuna ubao wala meza. Kisu chenyewe ni kifupi, makali yake yamenyooka, na bapa lake ni jembamba kiasi kwamba ukilibonyeza linapinda. Mpe mpishi wa hoteli ya kitalii kisu hicho, ataona umemfunga mikono. Mpe mama wa Kilombero kisu cha mpishi, cha sentimita 20, kipana, chenye tumbo, naye atakirudisha kwa heshima na kuchukua chake. Wote wawili wako sahihi.

Mabishano kuhusu kisu bora huanzia kwenye chuma, nchi kilikotoka na bei. Mimi naona swali la kwanza ni jingine: makali yakishapita kwenye kile kinachokatwa, yanaishia wapi? Yapo yanayoishia kwenye kidole gumba. Yapo yanayoishia kwenye ubao, yapo ya gogo la bucha, na yapo yasiyokuta kitu chochote zaidi ya hewa. Umbo la kisu, na mapenzi ya mtu kwa umbo fulani, hutoka hapo, hata kama mwenyewe hajawahi kulifikiria.

Tuanze na kidole gumba, kwa sababu ndicho ubao wa kukatia wa nyumba nyingi za Tanzania. Kitunguu hushikwa kiganjani, kikachanjwa kwa mistari ya kwenda na ya kukatiza, kisha kisu huvutwa kuelekea kidole gumba na vipande huanguka moja kwa moja kwenye sufuria. Kazi hii inataka makali yaliyonyooka. Makali yaliyopinda kwa nje hukifikia kidole kwa sehemu ndogo tu ya urefu wake. Kwingine kipande hubaki kimening'inia, hakijakatika. Inataka pia ufupi, kati ya sentimita 8 na 10 hivi, ili ncha isitangulie mbali na vidole kupoteza habari zake. Na inataka wembamba, kwa kuwa bapa nene hupasua kitunguu kabla ya kukikata, na mchanjo wote unaharibika. Ncha kali haina kazi kubwa hapa. Kwa hiyo kile kisu kidogo cha mpini wa plastiki kinachodharauliwa na wajuzi wa visu kimetengenezwa sawasawa kabisa kwa mkono unaokitumia.

Kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, kuanzia Tengeru kupanda Akheri na Nkoaranga, kuna kazi nyingine inayoamua kisu: kumenya ndizi mbichi. Ndizi ya kupika mtori au loshoro huchanjwa ganda kwa urefu, kisha kisu huingizwa chini ya ganda na kulibandua. Utomvu hunata, na ndiyo maana mikono hupakwa mafuta kwanza. Utomvu huo una tanini, na tanini ikikutana na chuma cha kawaida huzaa rangi nyeusi inayoshika kwenye kisu, kwenye vidole na kwenye ndizi yenyewe. Chuma kisichoshika kutu huikwepa hali hiyo kwa sababu ya kromiamu, ambayo inapofika kiasi cha asilimia 10.5 au zaidi hujenga ngozi nyembamba sana juu ya chuma na kukikinga. Harry Brearley aliyeyusha chuma cha namna hiyo mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, na karibu kila mpishi wa ndizi Meru leo anafaidi kazi yake. Wapenzi wa visu husifu chuma cha kaboni kwa kushika makali muda mrefu. Sifa hizo ni za kweli, ila aliyezisema hajamenya mkungu mzima.

Jambo moja katika ukataji wa mkononi linanisumbua. Watu wengi huacha kisu kiwe butu makusudi, wakisema kisu kikali kitawakata kidole. Mkono wenye kisu butu husukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo haina breki pale ganda linapoachia ghafla. Kisu kikali hupita kwa uzito wake mdogo, na mkono unabaki na uwezo wa kusimama. Parachichi, linalopatikana tele hapa Meru, linaonyesha vizuri hatari ya nguvu hiyo isiyo na breki: watu wengi hujeruhiwa kiganja wanapoidunga kokwa kwa ncha huku tunda limeshikwa mkononi. Kokwa itolewe kwa kijiko. Hakuna umbo la kisu linaloifanya kazi hiyo iwe salama.

Kwenye ubao kila kitu hubadilika. Mpishi wa hoteli hushika kisu juu ya ubao kwa saa nyingi, na vifundo vya vidole vyake vinahitaji nafasi kati ya mpini na ubao. Ndiyo sababu kisu cha mpishi ni kipana karibu na mpini: upana ule unainua mkono. Chukua kisu cha sokoni ukatie kabichi kwenye ubao, vifundo vitagonga mbao kila unaposhusha. Baada ya upana linakuja tumbo. Kisu cha Kifaransa na cha Kijerumani kina makali yaliyopinda kwa sababu mpishi huacha ncha ikigusa ubao na kuuinua na kuushusha mpini, kisu kikibembea. Santoku ya Kijapani, iliyoenea Japani baada ya Vita Kuu ya Pili kama kisu cha nyumbani kwa nyama, samaki na mboga, ina makali karibu manyoofu na ncha iliyoshushwa chini; hiyo husukumwa mbele na chini, haibembei. Mtu aliyekulia kwenye ukataji wa mkononi, akitaka kuhamia kwenye ubao, nampendekezea santoku kwanza. Mkono wake umeshazoea makali manyoofu, kwa hiyo anachohitaji kujifunza ni kimoja tu, yaani kukata kwa kwenda mbele badala ya kuvuta kuelekea kwake.

Ubao wenyewe uwe wa mbao au plastiki. Kukatia juu ya sahani ya udongo au kaunta ya marumaru huua makali siku hiyohiyo, na kisha kisu ndicho kinacholaumiwa.

Machinjioni na buchani kuna visu vya aina mbili na watu huvichanganya. Gogo, shoka na panga ni kwa ajili ya mfupa. Makali ya shoka na panga ni manene, kwa sababu makali membamba yakikutana na mfupa humeguka. Bodi ya Nyama imekuwa ikiwahimiza wenye bucha waachane na gogo na shoka na watumie msumeno wa umeme, kwa sababu gogo halisafishiki na shoka huacha vipande vya mfupa ndani ya nyama. Kazi ya kuchuna ngozi ni nyingine kabisa: inataka kisu kifupi chenye tumbo kubwa na ncha iliyoinuka mbali na ngozi, kisije kikatoboa. Ngozi yenye matundu ya kisu hushuka bei kiwandani, na hasara hiyo huanzia kwenye ncha kali isiyo na kazi pale. Mchunaji mzuri hutumia lile tumbo tu, akilipitisha kwa mipito mirefu. Mchoma nyama wa Kwa Mrombo, hapa Arusha, anayekatakata mbavu mbele ya mteja anahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana huwa na kisu karibu na panga.

Sime ndiyo makali yanayoishia hewani, nayo inastahili muda zaidi, kwa sababu ndiyo umbo la kisu lililo letu hasa katika eneo hili. Wamaasai na Waarusha, ambao wanazungumza Kimaa lakini wamelima miteremko ya Meru kwa vizazi vingi, huivaa kiunoni upande wa kulia, ndani ya ala ya ngozi nyekundu. Bapa huanza jembamba kwenye mpini, hupanuka kadiri linavyokwenda mbele, kisha hufunga ghafla kwenye ncha. Lina makali pande zote mbili na mara nyingi mshipa ulioinuka katikati. Upana ule wa mbele si urembo. Tawi au nyasi ndefu havina ubao nyuma yake. Ukivigusa polepole vinakimbia. Lazima kasi na uzito vifike pamoja, na uzito ukikaa mbali na mkono pigo linakuwa zito hata kama sime yenyewe ni nyepesi. Mshipa wa katikati unalipa bapa ugumu bila kuongeza chuma kingi.

Kwenye orpul, kambi ya porini ambako wanaume huchinja na kula nyama kwa siku kadhaa, chombo hichohicho hugeuka kisu cha kulia. Mtu hung'ata ukingo wa kipande, hukivuta kwa mkono wa kushoto, na kukikata karibu na midomo. Hapo pia hakuna ubao. Mvuto kati ya meno na mkono ndio unaoshikilia nyama. Hilo linawezekana kwa makali ya wembe tu.

Jikoni sime haina nafasi, na sababu ni moja: huwezi kuweka kidole juu ya mgongo wake, kwa kuwa haina mgongo. Udhibiti wote wa kazi ndogo, kama kuchonga, kumenya au kutoa jicho la kiazi, hutegemea kidole kinachosukuma nyuma ya bapa.

Chuma cha sime kina historia yake. Kwa karne nyingi chuma kingi cha kaskazini mashariki mwa Tanzania kilitoka Upare. Ukoo wa Washana wa Ugweno ulikuwa wa wafua chuma, na mwanahistoria Isaria Kimambo ameeleza jinsi walivyoitawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Chuma chao kilifika Uchaggani, ambako wahunzi wa Mamba, karibu na Marangu, walikifanya mikuki na visu. Kwa Wamaasai kazi hiyo ilikuwa ya Ilkunono, wahunzi ambao wengine hawakutaka kuoana nao ingawa kila moran, shujaa kijana wa Kimaasai, alitegemea mikono yao. Leo mhunzi haanzi na udongo wa chuma. Anaanza na springi ya gari au tupa iliyochakaa. Springi ina kaboni karibu asilimia 0.6, ni ngumu na inavumilia kugongwa. Tupa ina kaboni ya asilimia moja au zaidi. Hushika makali kuliko springi, ila mhunzi akiizamisha majini ikiwa nyekundu na asiipashe tena moto wa wastani kulegeza ukavu wake, itavunjika vipande kama glasi. Ukinunua sime, muulize fundi aliianza na nini. Kwa kazi ya shamba chagua ya springi.

Sasa mfukoni. Arusha ni mji wa magari ya safari, na mfukoni mwa madereva na waongoza watalii kuna visu viwili vinavyotambulika kwa urahisi, mara nyingi vikiwa zawadi za wageni. Kimoja ni chekundu cha Victorinox, kampuni iliyoanzishwa na Karl Elsener huko Ibach, Uswisi, mwaka 1884. Kisu chake cha ofisa kilisajiliwa mwaka 1897. Cha pili ni Opinel ya Kifaransa, iliyobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890, yenye mpini wa mbao na bapa moja. Victorinox ina ncha katikati ya bapa na tumbo dogo, umbo la kufanya kila kitu kwa kiasi, lakini aina zake nyingi ndogo hazina kizuizi. Ukiisukuma ncha kwenye kitu kigumu inaweza kujikunjia vidole vyako. Opinel ilipata pete ya kufunga bapa mwaka 1955. Bapa lake ni jembamba na linakata nyanya vizuri kuliko visu vingi vya kukunja, ila mpini wa mbao huvimba wakati wa masika na kisu kinakuwa kigumu kufungua. Kaa upande wa mvua wa Meru mwezi Aprili, utaona.

Mimi kwa mfukoni napenda umbo ambalo maduka mengi hayaliweki mbele: makali manyoofu na mgongo unaoshuka kwenye ncha butu, kama visu vya mabaharia. Kazi halisi za mfukoni ni kukata kamba, kufungua maboksi na viroba, kumenya chungwa. Zote zinaishia kwenye kidole gumba au hewani, na karibu zote hazihitaji ncha ya kudunga. Katika gari linalorukaruka kwenye barabara ya vumbi, ncha butu ni faida kubwa. Rafiki zangu wanaotafuta mistari ya urembo huipenda ncha iliyobinuka juu, na kwa kuchuna mnyama wana haki.

Umbo ulilochagua halidumu lenyewe, kwa sababu kila kunoa kunalibadilisha. Visu vya nyumbani vingi vinanolewa kwenye ukingo wa ngazi ya saruji au jiwe la mtoni, na mkono huwa unapenda kusugua katikati. Baada ya miaka katikati inabonyea, na makali yaliyokuwa manyoofu hayagusi tena kidole wala ubao kwa urefu wake wote. Kitunguu kinaanza kuachwa kikining'inia. Mnoa visu wa mtaani, mwenye jiwe linalozungushwa na baiskeli, ana hatari nyingine. Jiwe kavu linalozunguka kwa kasi hupasha makali moto, na yakigeuka rangi ya bluu ugumu wake umeondoka. Mwombe awe anachovya kisu majini kila baada ya mikupuo michache na aanzie kwenye mpini mpaka ncha bila kusimama katikati. Kabla hujamlipa, laza makali juu ya kipande cha kioo au cha bati bapa, ukitazama upande wa jua. Kisu cha makali manyoofu kisipitishe mwanga mahali popote. Cha tumbo kiviringike kutoka mpini hadi ncha bila kuruka. Ukiona mwanga katikati, kirudishe kwenye jiwe anoe sehemu za pembeni mpaka zishuke zilingane na ile iliyobonyea.